Rubani wa Zohali, Kuanzia Mwisho

Machi 2

Bosi amenipigia simu asubuhi, chai hata sijaimaliza. "Umekaa?" akaniuliza. Nikamjibu nimesimama, ila kiti kipo karibu. "Basi kaa. Wametupa Rubani."

Nimepiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Rubani wa Zohali! Anime ambayo mimi na Kaka tuliiingizia sauti tukiwa vijana, yeye Rubani, mimi Msikizi, yule binti wa kituoni anayeongea naye kwa redio. Sasa Wajapani wameichora upya kuanzia sifuri, na studio yetu ndogo imepewa kazi ya kuitia Kiswahili. Kutafsiri nitatafsiri mimi, kama ilivyo siku hizi. Na Bosi anasema mashabiki wameomba sauti zilezile.

Ile ya kwanza ilipita sikuandika hata neno moja, na leo nakumbuka nusunusu tu. Hii nitaiandika. Mvua bado, joto la kufa mtu.

Machi 3

Nimekaa siku nzima nikilinganisha matoleo, macho yameniuma kama nimemenya vitunguu.

Kisa ni kilekile. Rubani anatumwa peke yake hadi Zohali kutengeneza taa inayoongoza vyombo vya angani. Msikizi anabaki kituoni na redio yake. Kila sehemu Rubani anazidi kwenda mbali, na maneno yake yanachelewa zaidi kufika. Mwisho chombo kinaharibika na Rubani anaita kwa mara ya mwisho.

Toleo la kwanza lilichorwa kwa mkono, chombo kinafanana na sufuria lenye mfuniko, na kule kuchelewa kwa redio watengenezaji wanakukumbuka wakitaka tu. Rubani akiuliza, Msikizi anamjibu papo hapo. Mle ndani wawili hawa ni wachumba. Filamu iliyofuata ni ya giza tupu, na maneno ya mwisho yanamfikia Msikizi wakati mwenye kuyasema ameshakufa. Sijawahi kuitazama mara mbili. Toleo jipya linang'aa, nimeona mvua kwenye dirisha la kituo nikajikuta nafuta mkono. Linaanza Rubani akiwa tayari ameipita Mirihi. Anauliza, "Kituo, mnanisikia?" halafu kimya. Kimya kirefu, mpaka ukahisi televisheni imeharibika. Ndipo Msikizi anajibu.

Toleo la nne ni letu. Picha ni za lile la kwanza, sauti zetu, na wawili hao ni kaka na dada.

Sababu yake ni ya kuchekesha. Siku ya kwanza ya kurekodi Kaka alitakiwa aniambie, "Mpenzi wangu, nisubiri." Akanitazama, nikamtazama, nikacheka mpaka kwikwi ikanishika. Mara ya pili akakasirika. Mara ya tatu jasho likamtoka, akavua vifaa vya masikioni akasema, "Nitamwambiaje dada yangu maneno haya? Na Mama atasikiliza!" Bosi, ambaye wakati huo bado alikuwa na nywele, hakuwa na watu wengine wala muda. Akatupa kalamu mezani. "Basi! Wawe ndugu, yaishe."

Yakaisha. Watoto wa nchi nzima wakakua wakijua kwamba ni kaka na dada, na wapo watu wazima hadi leo ukiwaambia vinginevyo wanataka kupigana.

Mimi napenda letu, na nasema bila haya. Wapenzi wamejaa katika kila filamu. Dada anayekesha na redio akimngoja kaka yake, mtu huyo sijamwona kwingine.

Machi 5

Nimekwenda kwa Kaka na maneno yote mdomoni. Nimeongea mimi tu, nikaiga na muziki wa kufungulia. Wifi alikuwa anakusanya vyombo, hakuniangalia hata mara moja. Nikauliza mna nini nyie, mmegombana?

Kaka akaniambia. Ile sauti ya kukwaruza niliyomtania kwamba ni uzee si uzee, wala si mafua. Kuna uvimbe kwenye kikoromeo, na ni ule mbaya. Upasuaji umepangwa Aprili 28. Watatoa kikoromeo chote. Daktari ana matumaini kwamba atapona. Hatazungumza tena.

"Kusema hakuongezi ugonjwa wala hakupunguzi," akasema. "Nimeuliza. Ila sauti itakuwa inapungua yenyewe. Kwa hiyo mwambie Bosi afanye haraka."

Nilisema sawa. Nikamsaidia Wifi kufuta meza ambayo alikuwa ameshaifuta.

Machi 6

Nimefua mapazia yote. Hayakuwa machafu.

Machi 9

Kikao studio. Tuko ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la bati, kuta tumezifunika kwa magodoro ya zamani na mlango una blanketi zito. Feni huzimwa tukirekodi, kwa hiyo unaingia mtu unatoka mchuzi. Fundi Sauti alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani. Ni mtu wa maneno machache, anayemsikia mbu wa chumba cha pili na kumlaumu kwa kuharibu kazi.

"Kwa kawaida tunaanza sehemu ya kwanza," alisema. "Lakini sehemu za mwisho ndizo zenye kupiga kelele na kulia. Tuanze mwisho, turudi nyuma, sauti ikiwa bado nzima."

"Yaani nife kwanza, halafu ndiyo nianze safari," Kaka akasema.

"Ndiyo hivyo, kaka."

Kaka akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Sote tukawa na shughuli na makaratasi yetu.

Kisha Bosi akakohoa pia, cha kwake cha kutafuta maneno. Mkataba unakataza kubadilisha uhusiano wa mtu yeyote. Safari hii ni wachumba, hakuna ujanja. "Kwa hiyo Msikizi itabidi awe mtu mwingine. Kuna binti mmoja tumempata, ana sauti nzuri."

Nilimgeukia Kaka anitetee. Nilijua atanitetea. Akawa anazungusha kifuniko cha chupa ya maji.

"Mimi ndiye niliyeomba," alisema.

Nimesema mengi baada ya hapo, mengine siyaandiki. Nilisema tuwaandikie Wajapani. Nilisema tuifanye kama zamani, nani atajua? Bosi akasema wao watajua. Mimi nitakaa nyuma ya kioo na Fundi, nisimamie maneno yafuate midomo. Wamenipa kiti chenye magurudumu, kama zawadi ya kunifuta machozi.

Machi 10

Nina hasira, na hasira yenyewe sina pa kuiweka. Mgonjwa huwezi kumnunia.

Machi 12

Mvua imeanza. Sehemu ya mwisho tulikuwa tuirekodi leo. Kaka amekaa mbele ya maikrofoni, amefungua mdomo, na paa lote likaanza kama mtu anamwaga kokoto. Tumengoja asubuhi yote. Bati likinyamaza, mifereji inaanza. Fundi akisema tayari, ngurumo. Kaka amerudi nyumbani bila kusema neno moja la Rubani, na siku moja ya sauti yake imekwenda hivihivi.

Yule binti amekuja. Tumemwita Chiriku kabla hata hajavua viatu, maana hanyamazi. Kanishika mkono kwa mikono miwili akaniita "shangazi". Nimemjibu kwa kichwa.

Machi 14

Leo jua, na leo nimefanya jambo baya.

Maneno ya mwisho ya Rubani yanatofautiana kila toleo. Kwenye filamu hasemi kitu, anapumua tu mpaka redio inakatika. Kwenye letu alisema, "Usifunge mlango, dada. Nakuja." Kwenye la kwanza na hili jipya ni mamoja: "Mpenzi wangu, zima redio. Kalale."

Mimi kwenye karatasi ya Kaka nilikuwa nimeandika: "Usifunge mlango. Nakuja." Neno dada nililiondoa, mkataba usinishike. Nikajiambia wanaoukumbuka mlango wataelewa. Nilitaka kitu kimoja cha kwetu kibaki humo ndani, basi.

Sasa picha pale inaukaribia mdomo wa Rubani mpaka unajaa kioo. Midomo inaanza ikiwa imefumbana kabisa, kisha inaachana taratibu. Huwezi kuanza na "usi" kwenye mdomo uliofumba. Mtoto mdogo angeona. Kaka alisema, haikukaa. Akachelewesha kidogo, haikukaa. Akaguna kwanza ili afumbe, ikawa kama mtu ameumwa jino. Alirudia na kurudia, na mimi nyuma ya kioo nikawa nabonyeza kitufe na kusema, "Tena, Kaka. Iko karibu." Haikuwa karibu. Sauti ilianza kupasuka upande mmoja. Chiriku alikuwa amesimama kando yake na karatasi imekunjika mkononi.

Kaka akavua kifaa sikio moja. "Mdogo wangu," akasema kwenye maikrofoni, "huyu bwana anasema nini hasa, kwa kwao?"

Fundi Sauti akaanza kuchunguza vitufe kana kwamba ameviona leo.

"Nimekuuliza."

Nikamwambia. Aliitikia kwa kichwa, akavaa kifaa, akamgeukia Chiriku. Picha ikaanza, midomo imefumba. "Mpenzi wangu, zima redio. Kalale." Ikakaa kama imeshonwa. Alisema mara moja tu, kwa sauti yake ya zamani yote, ile iliyokuwa inawafanya watoto waache kula. Chiriku aliangua kilio mpaka tukalazimika kumwahirisha hadi kesho.

Kwenye ngazi Kaka hakuweza hata kumuaga mlinzi. Alipunga mkono. Ile sauti niliyompotezea leo hatarudishiwa na mtu, na mimi ndiye niliyekuwa nikibonyeza kitufe.

Machi 15

Nimekwenda kuomba msamaha. Wifi kanifungulia mlango akaniambia taratibu, "Wifi, amekatazwa kusema leo, usimchokoze." Kwa hiyo nimeomba msamaha peke yangu, kwa kirefu, kwa mtu aliyekuwa anamenya chungwa. Nilipomaliza kanipa nusu.

Alininong'oneza kitu kimoja tu. "Wale wawili tuliwanyima haki yao. Nimewaonea huruma miaka yote."

Sikuwahi kujua kwamba anawafikiria Rubani na Msikizi.

Machi 19

Mvua. Hakuna kazi.

Machi 20

Mvua. Hakuna kazi. Fundi amepanda juu ya paa na magunia na mablanketi kujaribu kulinyamazisha bati. Ameshuka amelowa chapachapa, na bati linapiga kelele vilevile, ila sasa kelele nzito.

Machi 23

Tumepata saa za asubuhi kabla ya mawingu. Kaka amelia, amepiga kelele, amegombana na mitambo. Kila akipumzika Chiriku anampa maji ya moto yenye tangawizi na kumsimulia habari zisizo na kichwa wala miguu ili asijibu. Nimegundua leo kwamba anafanya makusudi. Anaongea ili Kaka asiongee. Nilidhani ni kiherehere.

Machi 29

Tulikuwa tunangoja mvua ikatike, tumekaa kwenye magodoro. Chiriku kaniambia, "Shangazi, nilijua utanichukia. Hata mimi ningenichukia."

Nikamwambia simchukii. Ilikuwa kweli, na nimeshangaa kidogo.

Akasema utotoni aliitazama Rubani yetu na kaka yake mkubwa. Huyo kaka baadaye akaenda kufanya kazi mbali. "Kila siku Mama akifunga mlango, mimi naamka naufungua. Rubani amesema usifunge mlango, dada. Nimechapwa, shangazi! Mama alidhani natoroka. Na shuleni niliwakuta wenzangu wawili wanafanya hivyohivyo."

Tulicheka sana. Nikamuuliza, kaka yako alirudi?

"Alirudi," akasema. "Alipitia dirishani, maana siku hiyo Mama alikuwa ameweka kufuli."

Nimemsimulia Kaka jioni. Alicheka bila sauti, mabega tu, akajifuta macho na kanga ya Wifi.

Aprili 4

Jambo hili la kurudi nyuma linaniumiza kuliko nilivyotegemea. Kila siku Rubani anakuwa kijana zaidi, na kila siku Kaka anakuwa mzee zaidi. Leo tulirekodi sherehe ya kumuaga chuoni, anayoikumbuka akiwa njiani. Rubani ana miaka ishirini, anaimba, anarusha kofia. Sauti iliyotoka ni ya mtu aliyemeza mchanga. Fundi kageuza vitufe vyake vyote, akaniangalia, akatikisa kichwa. "Naweza kuisafisha. Kuifanya changa siwezi."

Kaka aliuliza kupitia kioo kwa kidole gumba: vipi? Nikamnyanyulia cha kwangu.

Aprili 5

Mvua.

Aprili 8

Mvua. Bosi ametaja jambo la kutafuta mtu mwingine amalizie sehemu za mwanzo. Kalitaja kwa adabu, kwa kuzunguka sana. Fundi Sauti, ambaye sijawahi kumsikia akimjibu Bosi, alisema, "Huyo mtu mwingine atatafuta na fundi mwingine." Halijatajwa tena.

Aprili 11

Nimeuliza. Nilikuwa nimejiapiza nisiulize, lakini limenitoka. Tulikuwa jikoni kwake, Wifi ametoka, bati la jikoni linavuja na tumetega sufuria mbili. Nikasema, "Kaka, ungekubali tu tujaribu. Sisi ni watu wazima. Ni kazi. Ningekutazama ukutani, ningefunga macho. Kwa nini hukutaka hata kujaribu?"

Siku hizi anayachagua maneno kama mtu anachambua mchele.

"Si aibu," akasema.

"Sasa nini?"

"Yule mtoto naweza kumuaga. Simjui." Akameza mate, ikamuuma, nikaona. "Wewe, nikisimama nawe pale, nikuambie zima redio... Nisingeitoa hiyo sauti. Hata siku moja."

Mwezi mzima nimekuwa nikidhani amenitoa kwenye kitu chetu. Nimelia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Mama afe, naye akanyanyuka akahamisha sufuria, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imejaa.

Aprili 17

Zimebaki sehemu mbili. Anasema asubuhi tu, mchana anaandika hewani kwa kidole na mimi nabahatisha. Leo kaandika kitu kirefu, nikajibu kwa hisia nyingi kwamba na mimi pia. Kumbe alikuwa anauliza funguo za gari.

Aprili 20

Mvua tangu alfajiri.

Aprili 21

Vilevile. Nimeanza kulichukia bati kama mtu.

Aprili 24

Leo ilikuwa siku yetu ya mwisho studio, maana kesho anaingia hospitali kwa vipimo. Lilibaki tukio moja: mwanzo wa sehemu ya kwanza. Rubani ameipita Mirihi, anaita kituo.

Asubuhi mvua. Chiriku kapiga simu analia kwamba barabara ya kwao imejaa maji, magari hayapiti, yuko upande wa pili anatuona hatufikii. Mchana mvua. Bosi akaleta chakula hakuna aliyekula. Kaka amekaa mle chumbani na shali shingoni, karatasi mkononi, karatasi yenye mistari mitatu. Hakuwa amesema neno tangu aamke, Wifi aliniambia. Ameiweka akiba yote kwa ajili ya hii.

Mimi nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama. Kile kiti cha magurudumu kimenipeleka hadi ukutani nikarudi. Nikasema, "Haikatiki. Haikatiki hii."

Fundi Sauti alikuwa amevaa vifaa vyake, macho amefumba. "Njoo usikilize," akasema.

Nikavaa vya pili. Nilisikia mvua juu ya yale magunia yake, nzito, ya mbali, inachakarisha.

"Anaita kutoka Mirihi kwa redio mbovu," Fundi akasema. "Hiyo ni nini kama si redio mbovu? Mwache aseme."

Nikabonyeza kitufe. Nikamwambia Kaka turekodi hivihivi. Alitazama dari, akatabasamu, akakaza shali. Tatizo likawa Chiriku. Kaka anahitaji mtu wa kumwitikia ndipo ajue aendelee lini, la sivyo kile kimya atakikosea. Fundi kanisogezea maikrofoni yake ndogo ya kuongelea na chumbani. Hii hairekodi, inamfikia masikioni mwake tu.

Picha ikaanza. Chombo kinapita gizani. Mdomo wa Rubani nyuma ya kioo cha kofia.

"Kituo, mnanisikia?"

Ilikuwa nyuzi tu za sauti, lakini ilikuwa yake. Halafu kile kimya. Toleo letu la zamani halikuwa na kimya hiki, nilikuwa namjibu palepale, mara nyingine hata kabla hajamaliza, na Bosi ananigombeza. Hiki ni kirefu. Kaka alisimama ndani yake, mikono miwili ameshika stendi, ananitazama kupitia kioo, na mvua juu yetu sote. Nilihesabu kwa kuangalia picha, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kisha nikasema kwenye ile maikrofoni, "Nakusikia. Endelea."

Akasema mistari yake miwili iliyobaki. Njia ni nyeupe. Naendelea kwenda.

Fundi akanyanyua mkono, akakaa nao hewani muda mrefu, akaushusha. Tumemaliza. Jibu la Msikizi Chiriku atalirekodi barabara ikifunguka.

Aprili 27

Hospitali, kitanda cha dirishani. Nilidhani atasema jambo kubwa. Wifi naye, nadhani alikuwa anangoja. Alitutania kwa ishara mchana kutwa, akala mtindi, akalalamikia mto. Wakati wa kuondoka nikambusu kipaji cha uso. Akanivuta mkono nikainama.

"Ngazi zimelowa," akasema. "Shika ukuta."

Nilishika ukuta mpaka chini.

Aprili 28

Ametoka salama. Daktari anasema wametoa kila kitu walichotaka kutoa.

Mei 6

Yuko nyumbani. Ana tundu shingoni lenye kitambaa juu, anapumulia hapo. Akimtaka Wifi anapiga makofi, Wifi anasema ameolewa na shabiki wa mpira. Tunacheka. Kisha mtu anatoka nje kidogo.

Mei 9

Nimempigia simu kwa mazoea. Ameipokea, kwa mazoea. Tumekaa hivyo, nasikia anapumua, mpaka Wifi akaichukua.

Mei 15

Mvua zimekwisha. Bati la studio limekauka, na Fundi ameshusha magunia yake. Tunarekodi tangazo la sabuni.

Mei 25

Leo jioni wamerusha sehemu ya kwanza. Kaka hakutaka watu wengi, kwa hiyo tulikuwa watatu, yeye, Wifi na mimi, tumepangana kwenye kochi. Madirisha yalikuwa wazi na nyumba zote za jirani zilikuwa kwenye stesheni ileile, muziki wa kufungulia ukawa unatoka kila upande. Kaka alivaa shati la kola ndefu kuficha kitambaa. Nilimwambia kapendeza kama bwana harusi, akanipiga na mto.

Giza. Chombo kinapita. Mdomo wa Rubani nyuma ya kioo.

"Kituo, mnanisikia?"

Imetoka kwenye televisheni yetu na kwenye ile ya jirani na ya ng'ambo ya barabara, na mvua ya Aprili imo humo ndani, inachakarisha. Wifi alijiziba mdomo. Mimi nilikuwa namtazama Kaka. Midomo yake ilikuwa inatembea. Ilifumba pale inapofumba, ikafunguka pale inapofunguka, haikuwahi wala haikuchelewa. Maisha yake yote alikuwa akiitafutia sauti midomo ya watu wengine, na leo alikuwa anaifuatisha sauti yake kwa midomo, kwa ufundi uleule, bila hata kujua kwamba anafanya hivyo.

Halafu kile kimya. Alibaki nacho, mdomo umeachama kidogo, kisha akanigeukia. Alikuwa anangoja. Nilijua kimya kinaishia wapi, nilikipima mwenyewe.

"Nakusikia, Kaka," nikasema. "Endelea."

Chiriku akajibu baada yangu kidogo, kwa sauti yake nzuri, kutoka kila dirisha. Kaka akageukia picha, akaendelea.